Binti wa Salale na Maprofesa wa Dini





Ndugu wasomaji, siku si nyingi zilizopita tulialikwa hitimani katika kijiji kimoja cha kata ya Salale, wilayani Kibiti. Anayeijua delta ya Rufiji anajua kwamba safari ya huko haipangwi kwa saa ya mkononi. Hupangwa kwa maji. Tulifika Nyamisati bahari imekupwa, mashua imelala juu ya tope, na nahodha akatuambia kwa upole kwamba tutaondoka maji yatakaporejea. Tukaketi kivulini tukingoja. Pembeni yetu alikuwapo mwalimu mmoja wa madrasa, mtu wa makamo, naye akirejea kwao kutoka Kibiti mjini na bahasha mkononi. Alipotambua kwamba sisi ndio tunaoandika safu hii alitusogelea, tukasalimiana, na baada ya kujuliana hali akaifungua bahasha ile mbele yetu.

Ndani mlikuwa na karatasi ya udahili. Binti yake, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu, amekubaliwa chuo kikuu kusomea falsafa na taaluma za dini.

"Ustaadh," alituambia, "udaktari naujua, ualimu naujua, uhasibu nimeusikia. Hii ndiyo nisiyoijua. Hao maprofesa wa dini na falsafa hushughulika na nini hasa? Na mwanangu akikaa kwao miaka mitatu, atarudi na dini yake?"

Hofu hiyo haikuwa yake peke yake. Mdogo wake, yaani baba mdogo wa binti, alikwisha kukata shauri kwamba mtoto asiende, kwa kuwa falsafa humwanzisha mtu kwa swali na kumwishiza katika kuacha sala. Mama wa binti hakupinga wala hakuunga mkono. Aliuliza tu ni nani atakayemwamsha alfajiri huko mabwenini. Na binti mwenyewe, tulipomkuta nyumbani jioni ile, alitujibu kwa adabu, macho chini: "Marehemu babu alikuwa akisema 'sijui' mara nyingi kuliko walimu wote walionisomesha, na watu walimwamini kuliko wote. Nataka kujua kwa nini."

Tuliomba muda. Tuliahidi kujibu humu gazetini, ili baba asome, baba mdogo asome, na familia nyingine zenye bahasha kama ile zipate la kuzungumza. Hili ndilo jibu letu.

Profesa wa dini si shekhe

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Profesa wa taaluma za dini katika chuo kikuu si imamu, si padri, wala si mhubiri. Shekhe hufundisha dini ili ifuatwe. Profesa huuliza: watu hawa wanaamini nini, imani yao iliwafikia kwa njia gani, ilipokewa na nani, na imefanya nini katika ndoa zao, mirathi yao, biashara yao na mazishi yao? Profesa wa falsafa naye huuliza tunajuaje kwamba tunajua, wema ni nini, hoja ipi imesimama na ipi imeanguka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayoziweka pamoja taaluma hizi mbili, na Chuo Kikuu cha Nairobi vivyo hivyo.

Lakini profesa ni binadamu. Ana shauku yake, ana zama zake, na mara nyingine ana serikali au mfadhili nyuma yake. Watu wa Salale watalifahamu jambo hili upesi kuliko wengine. Watu watatu wakiingia katika msitu wa mikoko, anayetafuta kaa atatazama mashimo ya topeni, anayetafuta boriti atatazama unyoofu wa shina, na anayetafuta asali atasikiliza nyuki. Wote watatu watarudi kutoka msitu ule ule, na kila mmoja atasimulia msitu mwingine.

Jina la Salale lenyewe ni ushahidi. Limo katika vitabu vya wageni, lakini limo kwa sababu gani? Limo kwa sababu ya miti, maana Wajerumani waliufanya msitu wa mikoko wa delta kuwa hifadhi ya serikali tangu 1898. Na limo kwa sababu ya meli ya kivita ya Königsberg, iliyojificha katika mikono ya Rufiji mwaka 1914, Waingereza wakaizingira kwa miezi mingi, na ikafikia mwisho wake tarehe 11 Julai 1915. Ukubwa wa mizinga yake umeandikwa, majina ya maofisa wake yameandikwa. Je, ni nani aliyekuwa akiwasomesha watoto juzuu kando ya vijito vile vile, katika miezi ile ile? Majina yao yamo vifuani mwa wajukuu, kama bado yamo.

Becker wawili

Mfano wa kwanza tunauchukua Ujerumani. Mwaka 1908 ulienea katika pwani yetu waraka uliosemekana kutoka Makka, ukiwaita watu kutubu na kurejea katika dini. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimetulia juzi tu, na maofisa wa Kijerumani walishikwa na hofu. Katika miaka hiyo alikuwapo Hamburg profesa mmoja kijana, Carl Heinrich Becker, katika taasisi iliyowaandaa maofisa wa makoloni. Mwaka 1910 alianzisha jarida la kitaalamu lililoitwa Der Islam, na mwaka uliofuata alichapisha humo makala ndefu juu ya Uislamu katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alitumia maandishi yaliyokusanywa huku na kupelekwa kwao.

Becker hakuwa miongoni mwa waliopiga kelele kwamba Waislamu wote ni hatari. Alikuwa msomi makini, na makala yake hadi leo huwafaa wanaotaka kujua wazee wetu walikuwa wakisoma vitabu gani. Lakini swali lililomkalisha mezani lilikuwa swali la mtawala: watu hawa wataasi au watatii, na dini yao inaweza kutumiwa vipi? Mwenye kuuliza hivyo haulizi mwalimu wa kijijini analala na nini moyoni.

Miaka tisini na saba baadaye, mwaka 2008, akatokea Becker mwingine, mwanamke, Felicitas Becker, mwanahistoria. Jina la ukoo linafanana, lakini swali lilikuwa jingine. Kitabu chake kinaeleza namna watu wa Tanzania bara walivyosilimu kuanzia miaka ya 1890 hadi 2000, na kimesimama hasa juu ya vijiji vya Lindi na Mtwara, kusini mwa hapo Salale. Alikwenda akaketi na wazee, akawauliza. Jibu alilolipata lilikuwa kubwa: Uislamu haukuletwa vijijini kwa upanga wala kwa amri ya masultani, wanavijiji wenyewe waliuchukua, wakaufundishana, wakajengeana misikiti, wengi wao katika miaka ya utawala wa Waingereza. Yaani mwalimu wa kijijini, ambaye katika swali la Becker wa kwanza alikuwa mtu wa kuchungwa, katika swali la Becker wa pili akawa mwenye historia.

Ndugu zetu, tunaona hapa kwamba swali si jambo dogo. Anayeuliza ndiye anayeamua nani ataonekana.

Dar es Salaam na Makerere

Baada ya uhuru swali lilibadilika tena. Terence Ranger alikuja Dar es Salaam mwaka 1963 kuwa profesa wa kwanza wa historia katika chuo kikuu kichanga, na pamoja na Isaria Kimambo alikusudia kuonesha kwamba Mwafrika alikuwa na historia kabla ya mkoloni, na kwamba dini ilikuwa sehemu ya historia hiyo. Mwaka 1972 walihariri kitabu juu ya utafiti wa kihistoria wa dini za Kiafrika. Humo Gilbert Gwassa, aliyekuwa amekusanya kauli za wazee waliokumbuka vita, aliandika juu ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro mnamo Agosti 1905. Ngarambe na Mohoro ni za Rufiji hiyo hiyo. Katika kitabu hicho hicho Edward Alpers aliandika juu ya kuenea kwa Uislamu miongoni mwa watu wa bara ya kusini. Kazi hizo zilikuwa za heri, maana kama Gwassa angechelewa miaka ishirini wazee wale wangekuwa wamekwenda na maneno yao. Hata hivyo shauku ya zama zile ilikuwa kulijenga taifa, na taifa lilihitaji mashujaa. Mwalimu wa chuo aliyefundisha Yasin na kuandika mikataba ya ndoa hakupiga risasi, na mtu wa namna hiyo hapati nafasi kubwa katika historia ya mashujaa.

Makerere nako, kuanzia 1964 hadi 1974, alifundisha John Mbiti, mzaliwa wa Kitui nchini Kenya, padri wa Kianglikana na profesa wa dini. Mwaka 1969 alitoa kitabu chake mashuhuri juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kinachosomwa hadi leo katika vyuo vya dunia nzima. Humo alidai kwamba katika fikra za asili za Mwafrika wakati una pande mbili: uliopo na uliopita. Wakati ujao, alisema, karibu haupo; haupiti miezi michache, au miaka miwili kwa wingi. Hoja yake aliijenga hasa juu ya lugha za Kikamba na Kikikuyu. Lakini alipotaka majina ya kuzipa pande hizo mbili, aliazima maneno ya Kiswahili: Sasa na Zamani.

Tulilieleza jambo hili pale Nyamisati tukingoja maji, na nahodha akacheka. "Mimi najua bamvua ya mwezi ujao itaniruhusu kupita mto gani," alisema, "na nimepanda minazi ambayo wataangua wajukuu. Huyo profesa kesho yangu kaipeleka wapi?" Sisi tukaongeza kwamba Mswahili hamalizi ahadi bila inshallah, na kwamba Akhera, ambayo kila mtoto wa madrasa huifahamu kabla hajajua kuandika jina lake, ni wakati ujao usiokuwa na ukomo.

Hatumdharau Mbiti. Alizungumzia fikra za asili, si za Kiislamu, na aliwafungulia wengi mlango. Wasomi wenzake pia walimjibu: Okot p'Bitek wa Uganda aliwalaumu yeye na wenziwe kwamba wanaivisha dini ya Mwafrika mavazi ya kigeni ili ionekane ya heshima. Lakini tujiulize. Maneno yalikuwa yetu. Katika darasa alikosomeshwa Sasa na Zamani, alikuwapo mtoto wa Rufiji, wa Kilwa au wa Mafia wa kunyoosha mkono na kusema, "Profesa, kwetu maneno haya tunayatumia hivi"? Hoja isiyojibiwa na mwenye lugha husafiri dunia nzima ikihesabiwa kuwa yake. Baba wa binti, hili ndilo tunalotaka ulitazame sana.

Waliouliza na kusikiliza

Wapo maprofesa waliolijua tatizo hili wakajaribu kulitibu. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alianza mwaka 1974 kuwaendea wazee wenye hekima vijijini. Aliwatofautisha wa aina mbili. Yupo mzee anayekumbuka vizuri yale jamii inayosema, na yupo anayeyapima kwa akili yake, akakubali haya na kukataa yale, na akakupa sababu. Huyu wa pili, alisema Oruka, ni mwanafalsafa kamili hata kama hajui kusoma. Kitabu chake juu ya hekima ya wazee kilitoka mwaka 1990, na miongoni mwa wazee aliowaandika alikuwamo baba yake mzazi. Mtoto alisoma hadi akawa profesa, akarudi nyumbani, akamketisha baba yake na kumwuliza: wewe unaonaje? Hatujui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo shahada inaweza kumletea mzazi.

Mwingine ni Kai Kresse, Mjerumani, ambaye mwaka 2007 alichapisha kitabu juu ya kufalsafa Mombasa. Hakwenda kutafuta falsafa katika maktaba tu. Aliishi Mji wa Kale, akakaa barazani, akasikiliza. Aliandika juu ya Ahmed Sheikh Nabhany na juhudi zake za kuhifadhi lugha na elimu ya pwani, juu ya Ahmad Nassir Juma Bhalo na utenzi wake unaohusu utu, na juu ya mawaidha ya Sheikh Abdilahi Nassir. Aliona kwamba baraza ya Waswahili, ambapo watu wazima hubishana baada ya alasiri huku kahawa ikizunguka, ni mahali pa kufikiri kama darasa la chuo kikuu lilivyo. Mombasa ilipata bahati hiyo. Baraza za delta bado hazijampata mwandishi wake.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya wageni na ya wenye shahada za Ulaya peke yao. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar, aliyezaliwa 1912 na kufariki 1982, kadhi na mfasiri wa Qur'ani kwa Kiswahili, aliandika kwa lugha yetu historia ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, alisafiri wapi, alisomesha nini, aliacha wanafunzi gani. Mwaka 1989 Randall Pouwels, profesa wa Kimarekani, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza na kukitia maelezo, na tangu hapo watafiti wa dunia wanakitegemea. Safari hii profesa ndiye aliyekaa chini ya shekhe. Shekhe aliandika kwanza, profesa akafuata.

Hofu ya baba mdogo

Sasa tumjibu baba mdogo, maana hofu yake si ya kubezwa. Ana wakubwa waliomtangulia. Ibn as-Salah, mwanachuoni mkubwa wa Hadithi na wa madhehebu yetu ya Kishafii, aliyefariki Damascus mwaka 1245, alitoa fatwa kali dhidi ya falsafa na hata dhidi ya mantiki. Anayeogopa falsafa hakuzua jambo.

Lakini katika madhehebu hayo hayo yumo Imam al-Ghazali. Mwaka 1091 alipewa kiti cha kusomesha katika Nidhamiyya ya Baghdad, chuo kikubwa cha zama zake. Kwa lugha ya leo alikuwa profesa. Amesimulia mwenyewe kwamba huku akiwafundisha wanafunzi mia tatu, alizitumia saa chache za faragha kusoma vitabu vya wanafalsafa mpaka akafahamu walichokuwa wakikisema. Kwanza aliandika kitabu kinacholeza makusudio yao kwa uaminifu, ndipo akaandika cha kuwajibu. Katika mas'ala ishirini aliyowapinga, matatu ndiyo aliyosema yanamtoa mtu katika Uislamu: kudai kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mwenyezi Mungu hajui mambo madogo madogo yanayopita, na kwamba miili haitafufuliwa. Hesabu hakuikataa. Mantiki hakuikataa, bali aliitia katika kitabu chake cha usuli wa fiqhi. Na Ibn Rushd, kadhi wa Seville na Cordoba, faqihi ambaye vitabu vyake vya sheria vinasomwa hadi leo, naye akaja kumjibu al-Ghazali.

Tunachojifunza kwa al-Ghazali si kwamba falsafa haina hatari. Yeye mwenyewe alipitia shaka iliyomwumiza, na mwaka 1095 aliuacha wadhifa wake wa Baghdad akatoka kuitafuta yakini. Tunachojifunza ni kwamba jambo halijibiwi na asiyelijua, na kwamba aliyeingia humo hali ana fiqhi, ana walimu na ana sala, aliipata njia ya kurudi.

Na lile neno la marehemu babu? Imam Malik, mmoja wa maimamu wetu wanne, anajulikana kwa wingi wa maswali aliyoyajibu kwa neno hilo hilo, sijui. Binti anayetaka kufahamu kwa nini mwenye elimu husema sijui hajatoka katika njia ya wema waliotangulia.

Mashauri yetu kwa familia

Kwa hiyo tunamwambia baba: mruhusu. Lakini usimruhusu mikono mitupu.

Kwanza, hakikisha ana msingi. Miezi iliyobaki kabla ya chuo kufunguliwa irejeeni aqida na fiqhi pamoja, baba na binti, kitabu kwa kitabu. Atakapokutana na hoja ngeni, awe anajua kwanza yeye mwenyewe amesimama wapi.

Pili, afikapo chuoni ajiunge na wanafunzi wenzake wa Kiislamu, aujue msikiti wa chuo, na atafutiwe mwalimu mmoja, mwanamke mwenye elimu akipatikana, wa kumpelekea maswali yake. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa mwalimu wa masahaba, mwanamke kufundisha wanawake elimu si jambo la kuanza leo. Na mama, wewe uliyeuliza nani atamwamsha alfajiri, jibu ni wewe. Mtandao ukiruhusu, mpigie simu. Simu ya mama wakati wa adhana ina nguvu kuliko mawaidha mengi.

Tatu, mlango wa nyumbani usifungwe. Tumewaona vijana walioharibikiwa, na katika wengi wao swali halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba walipolileta nyumbani walikaripiwa, wakaenda kulijibiwa na wasioitakia mema dini. Binti akirudi likizo na swali linalokukera, msikilize hadi mwisho. Ukijua, mjibu. Usipojua, sema kama alivyokuwa akisema baba yako.

Nne, tuseme kweli juu ya riziki. Shahada hii haimwahidi mtu kazi siku ya pili kama baadhi ya fani. Waliosoma falsafa na dini hufundisha, huandika, huajiriwa katika mashirika, katika vyombo vya habari, au huendelea na utafiti. Njia ni ndefu, na familia iikubali mapema ili lawama zisije baadaye.

Tano, na hili ni la familia zote za pwani, msingoje shahada ya mtu ndipo muanze. Mwalimu yule alituonesha sanduku la vitabu la marehemu baba yake: juzuu zilizopigwa na unyevu, kitabu cha mauludi, na karatasi zilizoandikwa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu ambazo yeye mwenyewe huzisoma kwa shida. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti, sanduku lile lilinusurika kwa kuwa mkewe alilipandisha darini kabla ya kupandisha magunia ya mpunga. Masanduku mangapi hayakupandishwa? Mzungu mmoja, J.W.T. Allen, alizunguka pwani akikusanya na kunakili maandishi ya namna hii kutoka majumbani, na orodha ya yale yaliyomo katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam ilichapishwa mwaka 1970. Yaliyobaki majumbani ni amana yetu. Piga picha kila ukurasa kwa simu. Andika katika daftari: babu alisoma kwa nani, huyo naye alisoma kwa nani, kitabu gani, kijiji gani, mwaka gani kama unajulikana. Kazi hiyo haihitaji udahili.

Na kwako baba mdogo tuna ombi moja. Tumeambiwa kwamba wewe ndiye uliyekaa zaidi na marehemu, na ndiye unayezikumbuka fatwa zake na sababu alizozitoa. Binti atakapofika mwaka wa tatu atatakiwa kuandika utafiti wake. Atahitaji mzee wa kumketisha na kumwuliza: wewe unaonaje? Usiwe umemfungia mlango mtoto atakayekuja kukutafuta. Ukimkatalia leo, atakuja mwingine kutoka mbali na kinasa sauti chake, utamkirimu kwa dafu na kumjibu kila swali, kwa sababu mgeni hatumkatalii. Basi mwana wako asiwe na haki ndogo kuliko mgeni.

Tumeambiwa pia kwamba karatasi ile inatakiwa kuthibitishwa kabla ya wiki mbili kwisha. Hatuna mamlaka juu ya nyumba ya mtu. Neno la mwisho ni la wazazi, baada ya istikhara na mashauriano. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amwongoze binti huyu na vijana wetu wote, awape elimu yenye manufaa, na awahifadhie wazazi wao imani na afya.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.